BAISKELI YAKO ITALALA KWA NANI?
Somo la amana kwa msafiri wa Tarime na Serengeti



Mtu anayeondoka Sirari mpakani kwa baiskeli, akapita Tarime mjini, akaendelea Nyamwaga na Nyamongo, kisha akavuka Mto Mara na kufika Mugumu, atakuwa amekwenda zaidi ya kilomita 100. Kutoka Tarime hadi Mugumu peke yake ni kama kilomita 87, na barabara hiyo, ambayo imeanza kupata lami kwa vipande baada ya miaka mingi ya vumbi na matope, ina milima inayomlazimisha hata kijana mwenye nguvu kushuka na kusukuma. Akiongeza vijiji vya Natta, Issenye na Robanda, kisha arudi alikotoka, hatakosa kulala njiani siku tatu, nne au zaidi. Kila jioni litamkabili swali lile lile: chombo hiki kitalala wapi? Naye aliyekuja kwa gari mpaka Tarime au Mugumu, ili aanzie hapo safari yake ya baiskeli, ana swali zito zaidi, kwani gari lake litakaa siku zote hizo bila yeye kuliona.

Wengi hulijibu swali hili kwa macho. Hutazama ukuta, geti na taa, wakaridhika. Lakini ukuta haukumbuki nani aliacha nini, wala geti haliwezi kuulizwa asubuhi. Swali linalofaa kuulizwa jioni ni hili: kitalala kwa nani?

Kabla ya kulieleza hilo, yafaa niondoe shaka moja inayowasumbua baadhi ya ndugu walioingia katika dini karibuni. Hudhani kwamba mwenye imani timilifu hahitaji kufuli, na kwamba kufunga mnyororo ni kumshuku Mwenyezi Mungu. Dhana hii haina msingi. Katika hadithi iliyopokelewa na Tirmidhi tunaelezwa habari ya mtu aliyemwuliza Mtukufu Mtume s.a.w. kama amfunge ngamia wake au amwache huru na kutegemea. Akaelekezwa kufanya yote mawili, na kufunga kukatangulia. Basi mwenye baiskeli asiyefunga, naye anaweza kufunga, hajatimiza fungu lake la kazi. Nathubutu kusema pia kwamba anamdhulumu jirani, kwa kuwa anamwekea mtu dhaifu kishawishi mlangoni.

Hata hivyo kufuli ni mwanzo tu. Katika safari ya siku nyingi kinachotegemewa hasa ni amana, yaani mtu kupokea mali ya mwenzake kwa ahadi ya kuilinda na kuirudisha. Wasomaji wa historia wanafahamu kwamba watu wa Makka, hata walipokuwa wakimpinga Mtukufu Mtume s.a.w. kwa ukali, waliendelea kuweka mali zao kwake. Alipohama mwaka 622 alimwacha Hazrat Ali nyuma ili azirudishe amana hizo kwa wenyewe, na ndipo naye akafuata. Tafakari jambo hilo, msomaji. Makka haikukosa nyumba zenye kuta nene kuliko yake. Wenye mali walimfuata mtu waliyejua kwamba atarudisha.

Nilipokuwa masomoni ng'ambo, mwalimu wetu wa fikihi alikawia mno katika mlango wa wadia, yaani mali iliyowekwa kwa mtu, kiasi kwamba sisi vijana tulichoka. Leo naona alikuwa na haki. Kanuni zake ni nyepesi na zinamfaa msafiri. Mtu akikupokelea chombo chako bure, mkono wake ni mkono wa amana: kikiibwa bila uzembe wake, hana deni kwako. Akizembea, au akikitumia bila ruhusa yako, au akimpa mtu mwingine asiye wa nyumbani kwake bila sababu, hapo huwa mdhamini na hulipa. Wanazuoni wa Kihanafi huongeza kwamba anayelipwa ujira wa kulinda hudaiwa hata bila kuzembea, ikiwa mali imepotea kwa jambo lililoweza kuzuilika. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, nayo inamtaka aliyekabidhiwa mali aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida angalivyotunza mali yake mwenyewe. Njia hizi mbili zinakutana mahali pamoja: lazima awepo mtu aliyepokea. Ukiegemeza baiskeli ukutani na kwenda zako, hujaweka amana kwa yeyote, wala hakuna wa kumwuliza.

Katika miji ya Pakistan niliona jinsi jambo hili linavyofanywa kwa wepesi. Penye soko huwapo kiwanja cha baiskeli na mlinzi wake. Hukupa kibati chenye namba, na kibati cha namba hiyo hiyo hukitundika kwenye usukani. Bila kibati huipati, hata kama anakujua. Gharama yake ni sarafu tu, lakini ndani yake yamo mambo yote ya amana: mpokeaji, alama na malipo. Katika miji yetu pia wapo wazee na vijana wanaolinda baiskeli kwa malipo kidogo, na ningependa ndugu zetu wawatumie badala ya kuona uchungu wa kutoa shilingi chache.

Sasa tuje kwenye njia yenyewe.

Mwenye gari ana mahali pa namna tatu anapopafikiria, Tarime na Mugumu kadhalika. Kituo cha mafuta kina mwanga usiku kucha, lakini wafanyakazi wake hupokezana zamu. Aliyekukubalia jioni huenda asubuhi hayupo, na mwenzake hajui lolote. Ukikitumia, zungumza na msimamizi wa kituo. Uwanja wa polisi ni salama, ila hauombwi kama haki, na gari lililokaa humo siku tano bila maelezo huanza kutazamwa kama kielelezo cha kesi! Mimi huona bora uwanja wa nyumba ya wageni ambayo utalala usiku wa kwanza na usiku wa mwisho. Mwenyewe ana sababu ya kukungoja urudi, jina lako limo katika daftari lake, na mlinzi ataonyeshwa gari mbele yako. Wala usijifariji kwa bima: bima ndogo, ile ya mtu wa tatu ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari, haimfidii mwenye gari lililoibwa.

Nyamongo inahitaji uangalifu wa pekee, si kwa sababu wenyeji wake ni wabaya kuliko wengine. Mgodi wa dhahabu wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, na dhahabu huvuta watu kutoka pande zote. Mahali penye wageni wengi, mgeni humdhamini mgeni, na asubuhi wote wawili hawapo. Hapo tafuta mwenyeji mwenye familia na shamba, au ingiza baiskeli ndani ya chumba unacholala, hata kama mwenye nyumba atanung'unika kwa ajili ya matope.

Vijijini mambo ni mepesi zaidi, mradi ufuate mlango wa heshima. Usiingie kijijini giza limeshatanda na kuanza kubisha hodi nyumba baada ya nyumba. Fika jua likiwa bado juu, uulize kwa mwenyekiti wa kitongoji au ofisi ya serikali ya kijiji, ujitambulishe na kusema unatoka wapi na unakwenda wapi. Hapo unakuwa mgeni wa watu wote, na mali yako inajulikana. Wakurya ni watu wa mifugo, na usiku hakuna mahali panapolindwa katika mji wao kama zizi la ng'ombe. Msafiri mmoja mmoja hupata wazo la kulaza baiskeli zizini. Asifanye hivyo: ng'ombe akijikuna huangusha, akikanyaga huvunja spoku, na mkojo wake hauna urafiki na chuma. Omba iwekwe ndani ya nyumba, au jikoni penye mlango.

Lipo pia jambo la watoto, ambalo laonekana dogo. Kijana wa nyumba akiona baiskeli nzuri hutamani kuipanda hadi mtoni. Kwa kanuni niliyoitaja, hiyo ni kutumia amana bila ruhusa, na ikivunjika baba yake ana deni asilolijua. Usimtie mwenyeji wako katika mtihani huo. Sema wazi jioni: ama isitumike, ama unamruhusu kijana aipande. Ukiruhusu, amana imegeuka kuwa azima, ambayo ina hukumu zake, na wanazuoni wamehitilafiana juu ya nani hulipa ikiharibika. Mwenye hekima, akiisha kuruhusu, hamdai mwenyeji wake spoku mbili.

Ukikaribia mpaka wa hifadhi, mwizi si mtu peke yake. Vijiji kama Robanda vinapakana na nyika, na tembo huingia mashambani usiku mahindi na mtama vinapokomaa. Baiskeli iliyofichwa shambani ili watu wasiione imefichwa katika njia ya tembo. Fisi naye hutafuna ngozi, hata ile ya tandiko na mikoba. Kwa hiyo huko, hata pasipo na mwizi kabisa, chombo na mwenyewe hulala ndani. Na mtu asidhani atapitiliza kwa baiskeli katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, kana kwamba ni njia ya kijiji; humo kuna simba na nyati. Anayetaka kuiona aiache baiskeli Mugumu kwa mtu maalumu, aingie kwa gari.

Kila unapoacha chombo, andika. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu inahusu kuandikiana madeni, na hekima yake inaenea hata kwenye baiskeli. Namba iliyochongwa kwenye fremu iandike katika daftari lako, na ukiwa na simu ipige picha. Beba nakala ya risiti. Mbele ya mpokeaji hesabu vilivyoachwa: pampu, taa, keria, mfuko. Mwambie siku ya kurudi, na umwulize atamwachia nani akipata safari. Wengine huona haya kufanya hivyo mbele ya mzee aliyewakaribisha. Sioni haya hiyo inatoka wapi, kwani maandishi yanamlinda mzee kuliko yanavyokulinda wewe: kesho hakuna atakayedai alikabidhiwa pampu ambayo haikuwapo.

Nimekuja sasa kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Tuseme asubuhi umeamka na baiskeli haipo. Neno la kwanza litakalotoka kinywani mwako laweza kuua mtu. Msomaji asidhani natia chumvi. Nchi hii yetu imeona watu wengi wakipigwa na kuchomwa moto kwa sababu mtu mmoja alipiga kelele za mwizi, na baadhi yao hawakuiba kitu. Tarime na Serengeti zina kumbukumbu ndefu na chungu ya wizi wa ng'ombe. Sungusungu, walioanzia Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, walienea hadi kwa Wakurya, ambao tangu zamani wanalo baraza lao liitwalo iritongo. Na marekebisho ya sheria za mgambo ya mwaka 1989 yaliwapa Sungusungu nafasi katika sheria. Tarime na Rorya zina mkoa wao wa kipolisi. Watu wa huko wamezoea kuitika mwito wa wizi haraka, na wepesi huo, unaookoa mifugo, waweza kumwangukia kijana aliyeichukua baiskeli yako kwenda kumletea bibi yake maji.

Mauaji ya namna hiyo ni mauaji mbele ya sheria na mbele ya Mwenyezi Mungu, na aliyepiga kelele hawezi kusema mkono wake haukugusa jiwe. Hapa ndipo utaona faida ya kujua ni nani aliyepokea. Aliyeacha baiskeli yake ukutani hana pa kuanzia ila makelele. Aliyeikabidhi kwa mtu humwendea mtu huyo kwa sauti ya chini na kumwuliza, na mara nyingi jibu hupatikana hapo hapo: imehamishiwa ndani kwa sababu ya mvua, au mtoto ameichukua na anarudi.

Jibu lisipopatikana, mwombe mwenyeji wako mwende pamoja kwa mwenyekiti wa kitongoji. Usimtaje mtu kwa dhana, hata ukisikia jina lake likinong'onwa uani. Toa namba ya fremu, rangi, saa uliyoiacha na mtu aliyeipokea, kisha uende kituo cha polisi ukaandikishe upotevu. Na kama vijana wa kijiji wameanza kukusanya fimbo, simama mbele yao useme kwa sauti ya kusikika kwamba mwenye baiskeli ni wewe, na kwamba wewe hutaki mtu aguswe.