SOMO: Uzito wa Dari na Ngazi ya Kupandia

Ndugu mkulima wa Mulongo,

Mahindi umekwisha kuyavuna, na samaki wa Lualaba wamekaushwa. Sasa unataka kuviweka juu, katika dari ya jiko, mahali pa moshi, ili fukusi na panya wasiviharibu. Ni vema. Lakini chini ya dari hiyo mama anapika, na watoto wanaota moto. Basi kabla ya kupandisha mzigo, jifunze kupima.

1. Jua uzito wa mzigo.
Gunia kubwa la mahindi ni kilo 100, kama watu wawili wembamba. Na mahindi mabichi hudanganya: yale yatakayokuwa kilo 100 yakikauka vizuri, siku ya kuvunwa huweza kupita kilo 115, kwa sababu ya maji yaliyomo. Kwa hiyo yaanike juani kwanza. Uma punje: ikivunjika kwa mlio, imekauka.

2. Jua nguvu ya boriti.
Boriti mbili za unene mmoja, moja ikiwa ndefu mara mbili, ile ndefu huchukua nusu ya mzigo tu. Kwa hiyo boriti ndefu itiliwe nguzo katikati. Bao la sentimita 5 kwa 10 lilazwe kwa ubavu wake mwembamba. Hivyo huchukua mara mbili kuliko likilazwa bapa. Tena kila mwaka, kabla ya mvua, gonga miti yote. Ikilia kama ngoma, mchwa wamekula ndani, itoe.

3. Hesabu nafasi.
Katika Marekani sheria ya wajenzi huhesabu karibu kilo 100 kwa kila mita mraba ya dari ya kuwekea vitu vyepesi. Dari ya mita 2 kwa mita 3 ni mita mraba 6, yaani kilo 600: magunia sita tu, nayo yatandazwe, yasirundikwe mahali pamoja. Lakini hesabu ile ni ya mbao zilizochaguliwa na kupigwa misumari na fundi. Dari yako ya miti na kamba haikupimwa na mtu, usifike huko. Magunia mazito yakae chini, juu ya jukwaa la miti, mbali na ukuta. Darini weka mahindi ya mbegu, vikapu na nyavu.

4. Weka shahidi.
Dari ikiwa tupu, simamisha fito chini ya katikati ya boriti. Ikate ibaki nafasi ya sentimita 1 kwa boriti ya mita 3. Kisha pakia kidogo kidogo. Boriti ikigusa fito, simama, upunguze. Tazama tena baada ya siku tatu, maana mti wenye mzigo huzidi kuinama polepole.

5. Ngazi.
Ngazi huchukua mtu na mzigo wake pamoja. Ngazi za kiwandani za Ulaya huwekewa mpaka wa kilo 150 kwa jumla. Ngazi ya miti na kamba isikaribie hapo. Apande mtu mmoja tu. Mama mwenye mtoto mgongoni asipande. Dari ikiwa na kimo cha mita 2, mguu wa ngazi uwe nusu mita mbele. Kichwa chake kizidi dari kwa mita 1, upate pa kushika. Panda uso ukielekea ngazi, mikono mitupu. Mzigo uvutwe kwa kamba. Kipago kilicholegea kifungwe leo, si kesho.

Akiba ya mwaka ikianguka, njaa huingia nyumbani. Na ikimwangukia mtoto, hakuna mavuno yatakayomrudisha.

MAULIZO
1. Dari ya mita 2 kwa mita 2 ina mita mraba ngapi?
2. Kwa nini mahindi hukaushwa kabla ya kupandishwa?
3. Mtu wa kilo 65 akibeba kikapu cha kilo 20, ngazi inachukua kilo ngapi?