SOMO: KADI NA ADA YAKE VISITENGANE



Katika tawi letu mwenzetu mmoja alifiwa na mkewe. Alipofika ofisini kuomba msaada wa mazishi, kompyuta ilionyesha kwamba hajalipa ada kwa miezi minane. Mzee wa watu akatoa mfukoni stakabadhi zote nane. Tuliona aibu kubwa. Fedha yake ilikuwa imeandikwa kwa kadi namba 39, na kadi yake yeye ni 047.

Tulikaa na vijana walioandika programu ile, tukauliza mpaka tukaelewa. Iliandikwa kwa lugha ya C, ambayo Dennis Ritchie alianza kuitengeneza Marekani mwaka 1972, katika maabara ya Bell. Lugha nyingine, kama Python, zina daftari tayari ndani yake: unaipa ufunguo, yaani namba ya kadi, nayo inakurudishia thamani, yaani ada iliyolipwa. C haina daftari hilo. Anayeitumia hulitengeneza mwenyewe, na asipokuwa mwangalifu wanaoumia ni wanachama.

Kwanza, ile 047. Sehemu ya kupokea ada ilisoma namba kwa alama ya %i. Kwa alama hiyo, namba inayoanza na sifuri huhesabiwa kwa nane nane badala ya kumi kumi. Nne mara nane ni 32, ongeza saba, ni 39. Sehemu ya kuuliza ilitumia %d, ambayo husoma 47 kama sisi tunavyosoma. Kwa hiyo mkono mmoja uliweka huku, mwingine ukatafuta kule. Walioumia ni wenye kadi zinazoanza na sifuri, ndio wazee waliokianzisha chama! Dawa yake ni kuiweka namba ya kadi kama maandishi. Kadi haijumlishwi wala haigawanywi. Ni jina la mtu tu.

Lakini maandishi nayo yana mtego. Ukilinganisha maandishi mawili katika C kwa alama ya ==, mashine haiulizi kama yanafanana, inauliza kama yamekaa mahali pamoja. Ni sawa na kukataa stakabadhi kwa sababu imetoka mfuko wa kushoto. Tumia strcmp, ambayo husoma herufi moja moja na kurudisha sifuri zikilingana zote.

Sasa daftari lenyewe. Vijana wetu walikuwa na orodha mbili, moja ya kadi na moja ya ada: wa tano huku ndiye wa tano kule. Siku mtu akipanga orodha ya kadi na kusahau ile ya ada, kila mtu amepewa fedha ya jirani yake. Sisi tuliwaambia wafunge kadi na ada pamoja kwa struct, vihame pamoja kama mama na mtoto mgongoni.

Kutafuta: tawi la watu 300 lipitie orodha yote toka mwanzo, mashine haichoki. Msidanganywe na mtu anayetaka kuonyesha ujuzi. Kwa watu 4,000, panga orodha kwa qsort, tafuta kwa bsearch. Kila mara nusu inatupwa, na mtu hupatikana kwa kutazama mara 12 tu au chini ya hapo.

Njia nyingine ni ya droo. Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM aliiandika mwaka 1953. Kutokana na tarakimu za kadi unahesabu namba ya droo, unakwenda hapo moja kwa moja. Ukijumlisha tarakimu tu, 047 na 074 zote ni 11, zinabanana droo moja. Afadhali kila hatua uzidishe kwa 31 ndipo uongeze tarakimu inayofuata: 047 inatoa 131, na 074 inatoa 221. Kwa droo 101, mabaki ni 30 na 19. Hata hivyo kadi mbili zitakutana siku moja, kwa hiyo kila droo iwe na mnyororo wa kadi zake, na kila kadi ilinganishwe kwa strcmp kabla ya kuamini.

Jambo la mwisho, nalo ndilo lililotuuma zaidi. Kadi isipopatikana, programu iseme "hayupo". Isirudishe sifuri, kwa maana sifuri ni neno la mtu aliyepo na hajalipa. Na kadi ikiwa ipo tayari, ada mpya iongezwe palepale. Isifunguliwe kadi ya pili yenye namba ileile.

Zoezi la tawi: chukueni kadi kumi na maboksi saba ya viberiti. Jumlisheni tarakimu za kila kadi, gawanyeni kwa saba, kadi iandikwe kwenye karatasi na kutiwa katika boksi la baki lake. Kisha mmoja aite namba ambayo haimo, na katibu aeleze amefungua maboksi mangapi kabla ya kujibu.