Hama Mtandao, Namba Baki Nayo

Ukiishi Houston, Dallas au Fort Worth, namba ya simu ni zaidi ya namba. Ndiyo WhatsApp anayokupatia mama akiwa Bukavu au Mombasa, na ndiyo ambayo benki huitumia kukutambua. Kwa kuogopa kuipoteza, wengi huvumilia bili kubwa na mtandao dhaifu bure. Tangu tarehe 24 Novemba 2003, kanuni za FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, zinampa mteja wa simu ya mkononi katika miji mikubwa haki ya kuhama na namba yake. Ni huduma ileile iliyoanza Kenya mwaka 2011 na Tanzania mwaka 2017. Hata ukihamia Houston, namba yako ya 214 ya Dallas unaweza kwenda nayo.

1. Usikate laini ya zamani. Usiache mbachao kwa msala upitao: namba ya laini iliyofungwa inaweza kupotea. Kampuni mpya ndiyo huomba uhamisho, na laini ya zamani hujifunga yenyewe ukikamilika.

2. Andaa taarifa tatu: namba ya akaunti, msimbo wa posta ulio kwenye bili, na PIN ya kuhamisha namba. PIN hiyo si ile ya kufungulia simu. Mteja wa AT&T huiomba kwa kupiga *7678, wa Verizon #7678.

3. Hakikisha simu yako haijafungiwa mtandao wa zamani, kisha nenda kampuni mpya. Taarifa zisipolingana na bili, ombi hukwama.

4. Subiri. Laini moja kwa kawaida huhama ndani ya siku moja ya kazi, mara nyingi saa chache tu. Ujumbe mfupi unaweza kuchelewa, basi siku hiyo usipange shughuli za benki zinazotegemea ujumbe huo.

Je, kama unadaiwa? Kampuni haina ruhusa ya kuzuia namba kwa sababu ya deni, ila deni linabaki lako. Ikiwa simu uliichukua kwa mkopo, huenda ukatakiwa kulipa salio lote mara moja.

Jihadhari na matapeli: PIN ya kuhamisha usimpe mtu yeyote aliyekupigia, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni. Ukiona ujumbe wa uhamisho usiouomba, piga simu kwenye kampuni yako papo hapo. Na kampuni ikikuzuilia namba, lalamika FCC, 1-888-225-5322. Hulipi chochote.