Miaka miwili na bado haongei

Wazazi wengi wanaofika kwenye chumba cha tiba ya usemi na lugha wameshapewa ushauri na jirani, shangazi na mwalimu wa chekechea, na baadhi yao wameishi na wasiwasi kwa mwaka mzima kabla ya kuuliza. Najibu hapa maswali wanayotuuliza mara kwa mara kuhusu watoto wadogo.

Swali: Daktari, mwanangu ametimiza miaka 2. Anasema "mama" na "tata", basi. Mama mkwe anasema baba yake naye aliongea akiwa na miaka 4, nisiwe na haraka. Nisubiri mpaka lini?

Usisubiri, mama. Mama mkwe hakosei kabisa. Wapo watoto wanaochelewa kisha wakawafikia wenzao bila msaada wowote, na katika familia nyingine kuchelewa kuongea hurithiwa kweli. Shida ni kwamba mtoto akiwa na miaka 2 hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kama atakuwa miongoni mwa hao. Na ukoo wenye historia ya kuchelewa ni sababu ya kumleta mapema zaidi. Akionekana yuko sawa, mtarudi nyumbani na amani yenu.

Kwa kawaida neno la kwanza hutoka karibu na mwaka mmoja. Kufikia miaka 2 tunatarajia maneno kama 50, na mtoto awe ameanza kuunganisha mawili: "baba njoo", "maji bado". Kwenye miaka 3 anasema sentensi fupi, na hata mgeni anaelewa sehemu kubwa ya anachosema. Unapohesabu, usiwe mchoyo. Kama "tata" kwake ni maji, jana na leo na kesho, hilo ni neno. "Moo" ya ng'ombe nayo ni neno.

Lakini kabla ya idadi, mimi huuliza mengine. Ukimwambia "lete kiatu" bila kumwonyesha kwa mkono, analeta? Ndege ikipita angani, anakuonyesha kwa kidole ili nawe uione? Anaiga unachofanya? Mtoto anayeelewa na kuonyesha, hata akiwa na maneno machache, ana msingi wa kujengea. Asiyeonyesha kitu kwa kidole akiwa na mwaka mmoja na nusu, asiyegeuka akiitwa jina, au aliyekuwa na maneno kisha yakapotea, huyo aletwe wiki hii hii. Inaweza kuwa usonji, inaweza kuwa usikivu, inaweza kuwa jambo jingine, na yote hayo hunufaika na kuonwa mapema.

Swali: Mbona mnatutuma kupima masikio kwanza? Anasikia vizuri. Nikibamiza mlango anageuka.

Kwa sababu mlango si lugha. Mtoto anaweza kusikia mlango ukibamizwa, pikipiki na muziki wa jirani, lakini asisikie "s", "f", "k" na "t", sauti nyepesi zinazotofautisha neno na neno. Kwake "taa" na "kaa" ni kitu kimoja. Ataonekana msikivu leo na mkaidi kesho, hasa kama ana mafua ya mara kwa mara, maana mafua huacha majimaji mazito nyuma ya ngoma ya sikio na usikivu ukawa unapanda na kushuka. Mama anasema "anasikia anapotaka". Ninaposikia kauli hiyo naandika rufaa ya kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Tuambieni pia historia yake yote. Alizaliwa njiti? Alipata manjano makali alipozaliwa? Aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo, au kuchomwa dawa ya gentamicin kwa siku nyingi? Mama alipata rubela akiwa mjamzito? Masikio yanatoa usaha? Kila moja ya hayo linaweza kugusa usikivu. Kipimo chenyewe hakiumi: kidude kidogo huwekwa sikioni kwa dakika chache, hata mtoto akiwa amelala.

Lengo linalofuatwa na wataalamu duniani ni mtoto apimwe usikivu kabla ya kutimiza mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Wengi wetu tuko mbali na hapo, na ninaona wazi gharama yake: mtoto wa miaka 4 anaanza leo kusikia kwa shimesikio maneno ambayo wenzake wameyasikia tangu wakiwa wachanga. Anaweza kujifunza, na anajifunza, ila njia imekuwa ndefu. Kwa wale ambao shimesikio haitoshi upo upasuaji wa kupandikiza kifaa ndani ya sikio, ambao Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuufanya mwaka 2017. Hata baada ya upasuaji huo tiba ya lugha inabaki palepale, kwa miaka, kwa kuwa kifaa huleta sauti tu na mtoto bado hajui maana yake.

Swali: Bibi yake anasema ana udata, na kuna mzee mtaani anakata kimeo. Tumpeleke?

Hapana. Kimeo hakimzuii mtoto kuongea, na kukikata mtaani kumewaletea watoto kutokwa damu nyingi, maambukizi, pepopunda, hata kifo. Nalisema hili bila kuzungusha kwa sababu bado naona watoto waliokatwa. Udata, yaani ule utando wa chini ya ulimi uliobana, upo kweli, na unaweza kumsumbua kichanga kunyonya. Hata hivyo haumfanyi mtoto akose maneno. Mwenye udata huongea, labda na sauti chache zisizonyooka. Kama kuna haja ya kuukata, daktari ataamua na atafanya hospitalini. Mwelezeni bibi kwa heshima kwamba amegundua jambo la kweli, ila tiba yake siyo hiyo.

Swali: Nyumbani tunaongea Kichaga na Kiswahili, chekechea ni Kiingereza. Ndiyo maana amechanganyikiwa? Tuache Kichaga?

Lugha mbili au tatu hazisababishi ucheleweshaji. Tunachofanya ni kujumlisha maneno yake ya lugha zote, halafu tuone. Kule Kilifi, Kenya, mtafiti Katie Alcock na wenzake walitengeneza kipimo cha msamiati wa watoto wadogo kwa Kiswahili na Kigiriama, na badala ya kumpa mama fomu ajaze, walimhoji ana kwa ana, hata asiyejua kusoma. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Nakitaja kwa sababu kinathibitisha jambo ninaloliona kila siku: anayemjua mtoto ni mlezi wake, akiulizwa vizuri, kwa lugha yake.

Kwa hiyo ongeeni naye lugha inayowatoka bila kujilazimisha. Mama anayeacha Kichaga na kushika Kiingereza cha kuungaunga huishia kumpa mtoto amri fupi tu: "come", "sit", "eat". Hadithi, utani, kubembeleza na kukaripia kwa upendo vinapotea. Mtoto akibakiwa na lugha ambayo hawezi kuiongea na bibi yake, tumempunguzia watu wa kuongea nao, wakati shida yake ndiyo hiyo.

Swali: Anahesabu 1 hadi 10 kwa Kiingereza na anajua rangi zote kutoka kwenye katuni. Lakini hawezi kuomba maji. Inawezekanaje?

Inawezekana sana. Katuni humfundisha kukariri. Haimsubiri, haimjibu, haibadiliki anapokunja uso. Lugha hukua katika kupokezana: yeye anatoa sauti, wewe unajibu, naye anarudisha. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Najua mama aliye peke yake na jiko na kazi hupata nafasi ya kupumua simu inapomtuliza mtoto, simlaumu. Naomba tu simu isiwe mwenzake wa mchana kutwa.

Swali: Tumelipia tiba, tukaja, mkacheza naye mkekani. Tiba yenyewe iko wapi?

Ni hiyo. Mtoto wa miaka 2 hajifunzi lugha kwa kuketishwa kitini na kuambiwa "sema gari". Wakati nacheza naye natazama anaelewa nini, anawasilianaje, anakwama wapi. Kisha tunachagua na mzazi maneno machache atakayoyahitaji leo: "nipe", "tena", "fungua", "bado", "basi". Rangi na majina ya wanyama yatasubiri. Hayamsaidii mtu kupata uji.

Halafu tunamfundisha mlezi jinsi ya kuongea naye. Punguza "hii nini?" na ongeza kumwelezea anachokifanya: "Unamwaga maji. Yamekwisha! Tena?" Mpe machaguo, "uji au chai?", huku ukivionyesha. Akisema "gali", jibu "eeh, gari, gari linapita", bila kumsahihisha. Na lililo gumu kuliko yote ni kunyamaza. Uliza, kisha hesabu kimoyomoyo hadi 10 ukimtazama. Wazazi wengi hujibu wenyewe kabla ya 3.

Kituo cha Hanen, kilichoanzishwa Kanada mwaka 1975, kimejikita katika kuwafundisha wazazi kwa namna hii, na hesabu yake ni rahisi kuiona: mimi nina nusu saa kwa wiki, nyumbani kuna siku nzima. Ndiyo maana nasisitiza dada wa kazi naye aje. Mara nyingi yeye ndiye anayeshinda na mtoto, na hakuna aliyemweleza chochote.

Jambo moja la kwetu. Mgeni akiingia, mtoto anaambiwa "mwamkie, sema shikamoo", ananyamaza, anaitwa hana adabu. Mwacheni atoe mkono, nanyi mseme shikamoo kwa niaba yake, polepole, asikie. Neno analolazimishwa mbele ya watu ndilo la mwisho kutoka.

Na matamshi na sarufi tusivikimbilie mno. Kamil Ud Deen, aliyechunguza watoto wa Nairobi wanaokua na Kiswahili na kuchapisha kitabu mwaka 2005, alionyesha kuwa wadogo huangusha viambishi vya nafsi na wakati. Anayesema "kula" badala ya "anakula" akiwa na miaka 2 yuko njiani. Vilevile, kama mtaa mzima unasema "samani" kwa "thamani" au kubadilishana "r" na "l", mtoto amejifunza sawasawa kile alichokisikia.

Swali: Mkimpa kadi za picha au ishara za mikono, si atazidi kuwa mvivu wa kuongea?

Tafiti hazionyeshi hivyo. Watoto wengi huongeza maneno, kwa kuwa hatimaye wanaona mawasiliano yanaleta matunda. Hasira na kung'ata pia hupungua.

Swali: Ana miaka 3, ameanza kigugumizi ghafla.

Kigugumizi huanza zaidi kati ya miaka 2 na 5, na wengi hupona. Msimwambie "pumua" wala "anza upya", msimmalizie neno. Sikilizeni anachosema. Kikidumu kwa miezi, au akianza kukaza uso na kukwepa kuongea, mleteni.

Swali: Wilayani kwetu hakuna mtaalamu kama wewe.

Najua, na ni pengo kubwa. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, na wahitimu bado ni wachache kwa mahitaji ya Afrika Mashariki. Anzeni kliniki ya mama na mtoto: mwambieni muuguzi wazi kwamba mtoto haongei na ombeni rufaa ya kupimwa usikivu. Mkiwa Kenya, ulizeni kituo cha EARC cha tathmini ya watoto kilicho karibu. Wataalamu wengine hushauri kwa simu ya video, na kwa kumwelekeza mlezi hilo hufaa. Mkipata miadi, mje na kadi ya kliniki, orodha ya maneno yake kwa kila lugha, na video fupi mliyomrekodi akicheza bila kujua, kwa sababu mbele yangu huenda asiseme kitu.