Mwenyekiti wa Jumuiya: Mafunzo Manne Niliyopata

Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi wakaamua Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe kipaumbele cha uchungaji katika Afrika Mashariki. Parokia zetu tayari zina vyama: WAWATA ya akina mama, UWAKA ya akina baba, VIWAWA ya vijana, Utoto Mtakatifu wa watoto. Kila chama kina watu wake. Jumuiya ndipo wote hao hukaa mkeka mmoja, babu hadi kitukuu. Nimekuwa mwenyekiti wa jumuiya mtaani kwetu Dar es Salaam. Wewe uliyechaguliwa juzi, na unataka watu wako wawe ndugu kweli, chukua haya.

1. Saa ya kusali ndiyo inayochagua watu

Tulikuwa tukisali Jumamosi saa 12 asubuhi, kisha tukilalamika kwamba vijana wamepoa. Binti mmoja anayefanya kazi mgahawani akanijibu kwa adabu: "Shikamoo baba. Ijumaa natoka kazini saa sita usiku." Nilikuwa nimeandaa mawaidha marefu, nikayameza. Tukahamia Jumapili jioni. Vijana walikuja, lakini waliofurahi kupita wote ni wazee, maana kumbe kutembea gizani alfajiri kuliwatesa siku zote na hakuna aliyewauliza. Kabla hujapima imani ya mtu, uliza ratiba yake.

2. Kila rika lipewe kazi

Watoto wetu walikuwa na wajibu mmoja tu: kunyamaza. Jioni moja bibi aliyepangiwa somo alipapasa mkoba, miwani haipo. Akampa Biblia mtoto wa jirani, mwanafunzi wa darasa la tano. Mtoto akasoma kwa kufuatisha kidole, akakwama kwenye "Wathesalonike". Bibi akamtamkia polepole, bila kutazama kitabu. Wiki iliyofuata mtoto yule alifika kabla yangu, amechana nywele, anauliza leo somo ni la nani. Paulo anapomwandikia Timotheo anaitaja imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Imani hupita hivyo, mtu mzima na mtoto wakishika kazi moja. Mtoto aliyekaribishwa kusikiliza tu, akikua ataondoka.

3. Daftari la michango lisitangulie

Zaka, ujenzi wa kanisa, rambirambi, safari ya paroko: niliyasoma yote kwa majina na madeni, sauti ikipanda kila ukurasa. Mzee mmoja akaninong'oneza, "Mwanangu, madeni unayasoma vizuri kuliko Injili." Nilicheka, ila nyumbani usingizi haukuja upesi. Vijana wasio na kipato walikuwa wakiaibishwa mbele ya wakwe na majirani. Sasa mweka hazina huzungumza na mtu pembeni, na michango haijapungua. Ni kweli watu huja kwa hofu ya kukosa barua ya jumuiya wakati wa ubatizo au ndoa. Hofu hiyo humleta mtu mpaka apate barua, basi.

4. Usiwahesabu watu kwa mahudhurio peke yake

Tulipofiwa na mmoja wa wazee wetu, waliofika kwanza walikuwa vijana ambao sikuwahi kuwaona kwenye rozari ya Oktoba. Walifunga turubai, wakabeba viti, wakasugua masufuria hadi usiku. Akina mama wakawapakulia chakula kabla ya wageni, wakiwaita "wanetu". Kwenye orodha yangu vijana hao walikuwa watoro. Baada ya msiba hatukuwakaripia. Tuliwaomba waratibu ziara za wagonjwa, na ziara zikawaleta kwenye sala. Kwa hiyo unapopanga kalenda ya mwaka, usijaze sala na vikao pekee. Weka kufua nguo za mgonjwa, kuezeka jiko la mjane, kumsindikiza mzee kliniki, na kila kazi iwe na kijana na mtu mzima wanaoifanya pamoja.