Tovuti ya Duka Lako Iko Mikononi mwa Nani?

Kwa wafanyabiashara wadogo wa Gatongora, Ruiru

Januari 2012 mdukuzi kutoka Indonesia alichafua tovuti 103 za serikali ya Kenya kwa usiku mmoja. Julai 2023 mfumo wa eCitizen ulielemewa na maombi bandia, wananchi wakakosa huduma. Mwenye duka la simiti na mabati huku Gatongora akisikia hayo husema, mimi watanitakia nini? Mara nyingi hakuna aliyekuchagua wewe. Programu za wadukuzi huzunguka intaneti usiku na mchana zikijaribu kila mlango, na zikikuta tovuti iliyojengwa kwa programu ya WordPress na kuachwa bila kusasishwa huingia bila kuuliza ni ya nani.

Namba ya till

Anayeingia si lazima avunje kitu. Anaweza kubadilisha tarakimu mbili za till yako na kuacha mengine yote yalivyo. Mteja analipia mifuko hamsini ya simiti, anakutumia picha ya ujumbe wa M-Pesa. Wewe ukiangalia simu, hakuna kilichoingia. Gari la mizigo linasubiri nje, na kila mmoja anamwona mwenzake mwongo.

Basi kila asubuhi fungua tovuti kwa simu, kama mteja, usome till tarakimu kwa tarakimu. Waambie wateja jina la biashara wanalopaswa kuliona wanapolipa. Likiwa jingine, wakupigie kwanza.

Funguo

Muulize aliyekutengenezea tovuti: jina letu la .co.ke limesajiliwa kwa barua pepe ya nani? Wengi hugundua kuwa ni ya fundi mwenyewe, na mkikosana kwa malipo, au akibadilisha kazi, tovuti inabaki kwake. Usajili uwe kwa jina lako, kwa wakala anayetambuliwa na KeNIC, wasimamizi wa majina ya .ke. Fundi mpe akaunti yake, umwondolee akimaliza kazi.

Barua pepe hiyo ilinde kuliko kitu kingine, kwa kuwa anayeishika anaweza kuomba nywila mpya za kila mahali. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, na ikiwezekana tumia programu ya kutoa namba za siri badala ya SMS. Matapeli wa kubadilisha laini za simu tunawajua sote.

Programu jalizi za WordPress za kulipiwa zinazogawiwa bure kwenye makundi ya Telegram ziache huko huko. Nyingi zimetobolewa mlango wa nyuma. Ile kufuli ya kivinjari nayo isikudanganye: cheti chake hutolewa bure na Let's Encrypt, na tovuti ya tapeli inayo pia. Nakala rudufu iweke nje ya seva ya tovuti, kisha ijaribu kama kweli inafunguka.

Ukishaingiliwa

Usifute chochote kwanza. Piga picha za skrini, uiombe kampuni inayohifadhi tovuti iisimamishe. Kwa kifaa kingine kilicho safi, badilisha nywila ya barua pepe, kisha ya usajili wa jina, ya seva, na mwisho ya WordPress. Toa ripoti kwa KE-CIRT, kitengo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na kwa polisi. Kama taarifa za wateja zimechukuliwa na wanaweza kudhurika, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data, na saa hizo huhesabiwa tangu ulipojua, hata kama ni Jumamosi jioni.