Je, mchimbaji wa bitcoin anaweza kudanganya muda?

Swali: Msomaji wa Kigali amesikia kwamba kule Luviro, upande wa pili wa mpaka, Hifadhi ya Virunga ilianza kuchimba bitcoin kwa umeme wa maji mwaka 2020. Anauliza: ikiwa muda wa kila bloku huandikwa na mchimbaji mwenyewe, nani anamzuia kusema uongo?

Jibu: Uongo mdogo hupita, mkubwa hukwama. Kompyuta za mtandao hukagua kila bloku mpya, iwe imetoka Luviro au Texas. Muda wake lazima uzidi muda wa katikati wa bloku 11 zilizotangulia, wala usitangulie saa za kompyuta hizo kwa zaidi ya saa 2. Bloku ikikataliwa, mchimbaji ameteketeza umeme bure.

Kishawishi kipo. Ugumu wa kuchimba hupangwa upya kila bloku 2,016. Zikionekana kuchukua zaidi ya wiki 2, ugumu hushuka.

Sarafu nyingine ya kidijitali, Verge, ilikiona cha moto Aprili 2018. Sarafu hiyo ilirekebisha ugumu karibu kila bloku, basi mshambuliaji akaghushi muda, ugumu ukaporomoka, akajichimbia bloku nyingi kwa kasi.